Redio ya Biblia ya sola: nilimnunulia mama asiyeona

Redio hii niliinunua hapa Tanga mjini, kwenye duka la vitabu vya dini maeneo ya Ngamiani, kwa shilingi 45,000. Ni kiboksi cheusi cha plastiki kinachoenea kiganjani, kina kioo cha sola mgongoni, spika mbele, na tundu la chaja ya simu ya pini ndogo. Ndani imo Biblia nzima ya Kiswahili, Mwanzo hadi Ufunuo, inasomwa kwa sauti. Haihitaji bando wala laini. Kila Jumapili tukitoka ibadani kuna mtu ananiuliza kama inafaa, kwa hiyo naandika hapa kwa urefu.

Kwanza mjue nilimnunulia nani. Mama yangu ana presha ya macho. Jicho moja limeshazima, la pili linaona mwanga na vivuli tu. Daktari alituambia bila kuficha: uono uliokwisha kupotea haurudi, dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki, asiiache. Mama ni mtu wa Muheza, amekulia upande wa Magila, kule ambako wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walifika tangu miaka ya 1860. Biblia yake ni ile ya tafsiri ya Kiswahili iitwayo Union, iliyotoka mwaka 1952, na ndiyo aliyojifunzia kusoma. Macho yalipokwisha aliendelea kuishika kila asubuhi. Anaifungua, anapitisha kidole kwenye ukurasa, anaifunga. Mimi ni fundi cherehani, tangu asubuhi niko kwenye mashine. Wajukuu wakimsomea wanaruka mistari ili wawahi kwenda kucheza, na bibi yao anajua kila mstari ulioruka.

Halafu akaja mhubiri mmoja nyumbani kumwombea. Maombi yalipokwisha, mama akasema bado haoni. Akaambiwa upungufu uko kwenye imani yake. Yule mtu akaenda zake, lile neno likabaki humu ndani. Mama akaanza kuogopa usiku. Anaamka saa nane, anakaa kitandani, ananiita: "Mwanangu, nimemkosea Mungu nini?" Mimi nitamjibu nini? Mwezi ule kodi ya kibanda cha kazi, ada ya mtoto na dawa ya macho vyote vilinijia pamoja, na nikipiga magoti nilikuwa natamka maneno huku moyoni nauliza kama yuko anayesikia. Mama yangu ameomba maisha yake yote. Kama yeye ndiye hana imani, mimi niko wapi?

Sasa redio yenyewe. Msomaji ni mwanamume mwenye sauti nzito, anasoma taratibu, hana madoido na hakuna muziki nyuma yake. Hilo nimelipenda sana. Tafsiri ni Union ileile, kwa hiyo mama humalizia mstari kabla msomaji hajafika mwisho. Ukipandisha sauti mpaka juu inakwaruza, lakini ikiwa katikati inatosha chumba kizima hata feni ikiwa imewashwa.

Ila kitu kinachonifanya niseme pesa yangu imekwenda mahali pake ni kwamba redio hii haichagui. Kwenye simu natumiwa vipande vya mahubiri kutwa: milango inafunguka, wiki hii ni ya muujiza wako, pokea. Redio inasoma kilichoandikwa, chote, kwa mfuatano. Usiku mmoja nilikuwa namalizia sare za shule, ikafika Zaburi ya 88. Nyingi katika Zaburi za kilio huwa zinageuka, mtu analia halafu mwishoni anamsifu Mungu. Nikawa nashona huku nangojea igeuke. Haikugeuka. Mtu analia mchana na usiku, anauliza kwa nini Mungu anamficha uso, rafiki zake wamemwacha, na inaishia gizani. Kisha msomaji akataja Zaburi ya 89 akaendelea na kazi yake. Nikaondoa mguu kwenye pedeli.

Mama, nilidhani amelala, akasema: "Rudisha hiyo."

Nikarudisha. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Huyu naye alikuwa mtu wa Mungu?" Nikamwambia ndiyo, mama, imeandikwa ni utungo wa Hemani Mwezrahi, ni katika nyimbo za wana wa Kora, walikuwa wakiimba hekaluni. Akanyamaza kidogo. "Basi na mimi nalia pamoja naye," akasema.

Tangu hapo ametaka Ayubu. Sura 42, na sehemu kubwa ni wale rafiki wanamweleza Ayubu kwamba lazima kuna alichokosea. Mama anawasikiliza kwa subira mpaka inapofika sura ya mwisho, pale Mungu anapomwambia Elifazi kuwa hasira yake imewaka juu yake na wenzake wawili, kwa sababu hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Ayubu aliyepiga kelele na kumhoji Mungu uso kwa uso! Mara ya kwanza ilipofika hapo mama alipiga makofi. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimsikia akipiga makofi.

Jirani yetu, mama wa Kidigo, huja jioni kukaa barazani na mchicha wake wa kuchambua. Yeye ni Mwislamu, na redio ikiwa kwa Ayubu haondoki. "Nabii Ayubu ni wetu sote, dada," anamwambia mama. Wanakaa hivyo, huyu anachambua, huyu anasikiliza, mpaka adhana ya magharibi ikiadhiniwa mama anaizima redio na jirani anakwenda kuswali.

Mimi kipande changu kiko Marko sura ya 9. Baba ana mtoto mgonjwa tangu utotoni, wanafunzi wameshindwa kumponya, anamwambia Yesu: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Nilikuwa naijua hiyo habari tangu shule ya Jumapili, ila nilikuwa sijakaa na kilichofuata: Yesu hakumwambia arudi nyumbani akamalize mashaka yake kwanza. Alimponya mtoto. Sasa asubuhi kabla sijafungua kibanda nasema maneno hayo tu ya yule baba. Kodi bado inanisumbua, na mama bado haoni. Hofu yake pia haijaisha, bado anaamka saa nane. Ila sasa anapapasa meza, anabonyeza mwenyewe.

Hapo kwenye kubonyeza ndipo penye kasoro. Vitufe vyote vitano vina umbo moja, havina alama ya kuguswa. Kifaa ambacho wanunuzi wake wengi ni wazee na wasioona kingetakiwa kufikiriwa hilo. Nilibandika shanga moja kwa gundi kwenye kitufe cha kuwasha na mbili kwenye kitufe cha kwenda mbele, na tatizo likaisha. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba chaji ikikata kabisa inasahau ilipoishia, inaanza tena Mwanzo sura ya kwanza. Kufika Ayubu kutoka hapo ni kubonyeza kitufe cha vitabu mara 17, na mtu asiyeona akikosea hesabu anajikuta Zaburi au Esta. Kwa hiyo usiache ikate. Sola ni ya msaada tu: siku ya jua kali inatunza chaji vizuri, lakini wakati wa masika, wingu likikaa siku nzima, utahitaji chaja. Na usiianike juu ya bati, joto la hapa kwetu litapinda plastiki. Dirishani panatosha.

Huduma ya dukani nawapa alama zote. Kijana muuzaji alimwamkia mama, akamvutia kiti, akamwekea redio mikononi mwake badala ya kuongea na mimi juu ya kichwa chake. Alimwacha abonyeze mwenyewe mpaka aridhike ndipo akataja bei. Redio yenyewe naipa nne kati ya tano.

Ukienda kununua, uliza kwanza ni tafsiri ipi, kwa sababu zipo zenye Union na zipo zenye Habari Njema, na mzee aliyezoea moja hatafurahia nyingine. Angalia kama Agano la Kale limo, maana kuna za bei nafuu zenye Agano Jipya peke yake, na hizo hazina Ayubu wala kilio cha Hemani. Mwambie muuzaji akuwekee Zaburi ya 88 hapohapo kaunta, usikilize mpaka mwisho, ndipo utoe hela.