Tabliye za loji: fundi mzee wa Lubumbashi

Mafundi wa kushona hawakosekani Lubumbashi, ila tabliye ya loji, yaani aproni ya ngozi wanayovaa Wamasoni (Freemasons) katika loji, chama chao, si gauni. Mzee tunayemzungumzia ni mwanachama wa loji wa miaka mingi, na kazi aliyojipa ni kutengeneza mavazi ya ndugu zake. Hatozi malipo ya kazi. Mwenye tabliye analeta ngozi, utepe na uzi.

Kwanza, anajua anachokishona. Mwenye daraja la kwanza, yaani mwanafunzi, huvaa tabliye nyeupe tupu, ulimi wake wa pembetatu ukiwa umeinuliwa kifuani. Wa daraja la pili huushusha. Fundi asiyejua akiuona ulimi unachezacheza huushonea chini, na hapo tabliye ya mwanafunzi imekwisha, kwa kuwa tundu la sindano kwenye ngozi ya mwanakondoo halijifungi tena. Daraja la tatu lina suala la rangi, kufuatana na riti, yaani utaratibu wa sherehe ambao loji inaufuata: Riti ya Kifaransa pindo ni la buluu, Riti ya Kiskoti ni jekundu. Mzee huuliza riti kabla ya kukata utepe.

Usafi ndipo anapowazidi wote. Javeli, dawa ya kung'arisha nguo, haiguswi: huigeuza ngozi kuwa ya manjano na kuikausha mpaka ipasuke. Anaanza na brashi laini, kavu. Halafu kitambaa kilichokamuliwa sana, chenye sabuni kidogo, akifuta sehemu ndogo ndogo bila kufika kwenye pindo. Utepe mwekundu ukilowa huchuja rangi, na doa lake halitoki. Tabliye hukaushwa kivulini, ikiwa imelazwa. Pasi ni ya utepe tu, tena ukiwa umeshafumuliwa.

Mvua, kuanzia Novemba hadi Machi, ndizo zinazomletea kazi, maana watu hufungia tabliye kwenye mfuko wa plastiki na ukungu ukaota. Wengine huikunja mara nne. Kiangazi kikikausha hewa, ngozi hukatika palepale kwenye mkunjo. Pale anabandika kiraka chembamba cha ngozi kwa nyuma, kwa gundi, bila sindano. Kinashika vizuri, lakini kwa karibu mstari unaonekana. Asiyeutaka anunue tabliye mpya.

Alama za vyeo nazo anazipokea: ekeri (kipimo cha pembe mraba) ya mkuu wa loji, funguo mbili za mtunza hazina, kalamu mbili za mwandishi. Tafadhali msizisugue kwa limau na majivu kama sufuria, dhahabu ya juu inabanduka. Kitambaa laini kikavu kinatosha.

Kasoro yake ni mwendo. Anashona kwa mkono, kwa hiyo peleka tabliye wiki tatu kabla ya kikao. Pia haandiki risiti, na tabliye nyeupe zinafanana. Andika jina kwenye karatasi, uifunge kwa uzi kwenye mkanda. Usiibandike, gundi ya karatasi huacha alama kwenye ngozi.