Kihisi cha vumbi cha Sensor.Community: nakisifu, ila rangi za ramani zisikutishe

Ninacho nyumbani Tabata tangu kabla ya masika, na hela niliyotoa siijutii. Mtandao wenyewe, wa watu wa kawaida wanaopima hewa kwa vifaa vyao, ulianzia Stuttgart, Ujerumani, mwaka 2015, enzi hizo ukiitwa Luftdaten. Kifaa unakiunga mwenyewe: kihisi cha SDS011 kinachopima chembe za vumbi kwa leza, chipu ya waifai ya ESP8266 na kipimo cha joto na unyevu, vyote vinasukumizwa ndani ya elbo mbili za bomba la milimita 75. Elbo zipo kwa mafundi bomba, vingine utaagiza. Kagua ruta kwanza, maana chipu hiyo inashika waifai ya 2.4 GHz tu.

Vipimo vinapanda kwenye seva kila dakika mbili na nusu hivi, kisha unajiona kwenye ramani ya dunia kama pembesita yenye rangi, kuanzia kijani hadi zambarau. Inapendeza, lakini hapo ndipo nina neno. Ulaya pembesita moja hubeba vihisi vingi na rangi yake ni thamani ya kati ya vyote, kwa hiyo kimoja kikipotoka wenzake wanakifunika. Huku kwetu pembesita mara nyingi ni kihisi kimoja. Jirani akichoma majani ya mwembe, ukiitazama ramani kwa mbali utadhani Dar nzima inaungua.

Kwa hiyo mimi nasoma grafu. Gusa pembesita, bonyeza alama ya kujumlisha kwenye namba ya kihisi, zitafunguka mbili: ya saa 24 zilizopita na ya wastani wa saa 24 kwa siku saba zilizopita. Majani ya jirani yanaonekana kama mwiba, juu mara chini. Majiko ya mkaa ya jioni yanapanda taratibu na kukaa. Mwinuko wa alfajiri ndio nautilia shaka: unyevu ukipita asilimia 70, chembe hunywa maji zikavimba, na leza inazisoma kubwa kuliko zilivyo. Kwa mji wa pwani hilo si dogo. Grafu ya unyevu naifungua kwanza, ndipo nilinganishe na kiwango cha WHO cha PM2.5 (chembe ndogo kabisa za vumbi): mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo, wastani wa saa 24.

Umeme ukikatika, pengo linabaki hivyo hivyo kwenye grafu. Data yote ni bure, faili za CSV za kila siku, hakuna wa kuombwa ruhusa.

Nyota nne. Ya tano naishikilia hadi majirani wawili watatu nao wafunge vyao.