Fremu nyota tano, barua nyota sifuri: duka la picha nililonunulia mchoro wa "Tingatinga"

Nianze na mazuri, maana yapo, na sitaki mtu aseme nimekuja kulipiza kisasi. Fremu zao ni kazi ya fundi hasa. Yangu ilikuwa ya mninga, pembe zimeshikana hata ukucha haupenyi. Kahawa wanakupa kwa kashata, bure, na hawakuulizi umekuja kununua au kushangaa. Picha walinifungia kwa karatasi ya mapovu, wakaikinga pembe kwa boksi, na kijana akaibeba hadi kwenye gari bila kusimama pale akisubiri ya soda.

Jina la duka silitaji. Nimesaini hati ya kumaliza mgogoro, na kifungu cha nne kinanizuia kulitaja popote. Nilimuuliza wakili wangu kama naweza kusimulia mkasa bila jina wala mtaa, akasoma kile kifungu mara mbili, akatabasamu. Kwa hiyo nasimulia.

Mimi nina nyumba ya wageni Bagamoyo, vyumba sita. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa hesabu kwa miaka kumi na tisa. Kazi yangu ilikuwa kukamata tarehe zisizolingana kwenye risiti za watu wa safari. Mtu anasema alilala Dodoma tarehe 31 Juni, namrudishia fomu yake. Naomba mkumbuke hilo mnapoendelea kusoma, kwa sababu mimi mwenyewe silisahau.

Novemba 2021 nilikuwa natafuta picha ya ukuta wa sebule. Dukani palikuwa na chui ameketi, macho kama ya paka aliyeiba dagaa, nyuma yake njano iliyojaa madoa na mlima wenye theluji. Pembeni chini: E. S. TINGATINGA. Nikamuuliza muuzaji bei. Milioni tatu na laki nne. Nikacheka.

"Mama, hii ni Tingatinga original," akaniambia.

Hilo neno lilinipita siku ile, nami nimelirudia kichwani mara nyingi. Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtu, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora hapa Dar mwaka 1968. Baada yake jina likageuka la mtindo. Vijana aliowafundisha, na waliofundishwa na hao, wote kazi yao inaitwa Tingatinga, na ndivyo inavyouzwa kihalali kabisa. Basi mtu akikwambia "Tingatinga original", anaweza kuwa anasema ni ya mkono wa marehemu, au anasema tu haijachapwa kwa mashine. Ukimbana baadaye anachagua maana inayomwokoa. Na wangu alichagua.

Lakini nilimbana palepale. Nikasema original kwa maana gani, ya mwenyewe? Ndipo akatoa folda ya plastiki yenye barua. Barua ya Kiingereza, imepigwa taipu, karatasi imekuwa ya kahawia kama iliyochovywa kwenye chai. (Leo naamini ilichovywa kwenye chai.) Mwandishi anajitambulisha kama mfanyakazi wa zamani wa shirika la misaada, na anasema, kwa tafsiri yangu, kwamba picha hii aliinunua kwa msanii mwenyewe, Bw. E. S. Tingatinga, nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, Desemba 1974.

Nikaisoma mpaka mwisho, nikalipa. Risiti ya mashine ikatoka: PICHA 1. Fremu ikatolewa risiti yake, shilingi 180,000, kwa sababu fundi ana hesabu zake. Hiyo risiti ya pili wengine mngeitupa. Mimi situpi risiti.

Picha ikakaa ukutani mwaka mmoja na nusu. Wageni wakawa wanapiga nayo picha, na barua nikaitundika kando yake ndani ya kioo, ndiyo, niliitundika. Mei 2023 akaja binti wa kaka yangu, yuko sekondari, anasoma sanaa. Akasimama mbele ya ile barua na soda yake mkononi.

"Shangazi, huyu si alikufa sabini na mbili?"

Nikamwambia labda kakosea. Akanitolea daftari. Tingatinga alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, mwaka 1972. Alichora kama miaka minne tu. Na mimi nilikuwa nimeweka kioo juu ya barua inayosema aliuza picha miaka miwili akiwa kaburini.

Kesho yake nikaifungua ile fremu nzuri, nikachukua picha na barua, nikaenda Oysterbay, pale pale Morogoro Stores, ambapo wachoraji wa ushirika wa Tingatinga wanafanyia kazi mpaka leo. Nikampata mzee mmoja anachora kobe. Nikamwamkia, nikamwonyesha. Hakuangalia hata chui. Aliigeuza nyuma kwanza, akagusa kitambaa.

"Hii kanvasi, mama. Yeye alichora kwenye hadibodi. Yale mabao ya dari, unakata vipande, unapaka rangi ya baiskeli. Kanvasi ilikuja baadaye, mtalii apate kuikunja aweke kwenye begi." Ndipo akaigeuza mbele. Akasema Tingatinga mwenyewe alipenda mnyama mmoja na nafasi, hakuijaza picha yote. Mlima wenye theluji akaupitia kidole, akanyamaza kwa adabu. Kisha akauliza nimelipa ngapi. Nilipomtajia, alisema, "Ya Edward kwa milioni tatu na ushee? Huyo muuzaji angekuwa anakupenda sana."

Aliongeza kuwa aliyemchora chui huyu anajua kazi, mistari yake haitetemeki. Hilo lilinisumbua kuliko yote. Kuna kijana mahali fulani ana mkono mzuri, kalipwa labda elfu hamsini, na jina lake halipo popote kwenye picha yake.

Nikarudi dukani. Hapa ndipo nyota zilipoanza kudondoka. Muuzaji alinipokea kwa kahawa ileile. Akasema "original" ni mtindo. Nikamwonyesha barua. Akasema barua si ya duka, wao walinipa kama walivyoipokea, haina muhuri wao, na kweli haikuwa nao. Akasema risiti yao imeandika picha moja, na picha moja nimepata. Nikiwa namsikiliza nikaona kwenye kona vigango vitatu vimeegemezwa ukutani na vibandiko vya bei. Vigango ni nguzo za ukumbusho wa wafu wa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, watu husimamishiwa, hawauziwi. Jumba la makumbusho la Denver, Marekani, lilikubali mwaka 2014 kuvirudisha Kenya thelathini kwa sababu hiyo. Nikauliza hivi vimetoka wapi. "Malindi, mama, vina barua."

Nikaenda kwa wakili.

Wakili wangu ni mtu wa maneno machache na anatoza kwa machache hayo, lakini saa moja niliyokaa kwake ilinifundisha kuliko ile miaka kumi na tisa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, vifungu vya 17 hadi 19: ukikubali mkataba kwa sababu ya udanganyifu au maelezo yasiyo ya kweli, unaweza kuuvunja. Nikafurahi. Akaniambia nisifurahi bado, nisome kifungu cha 19 mpaka chini. Kuna msamaha pale: kama maelezo yalikuwa ya uongo lakini wewe ulikuwa na njia ya kuugundua ukweli kwa umakini wa kawaida, mkataba hauvunjiki. Na tarehe ilikuwa imeandikwa kwenye barua, mbele ya macho yangu, mimi niliyerudisha fomu za watu kwa ajili ya tarehe 31 Juni. Kilekile kilichothibitisha uongo wao ndicho walichokuwa wanakwenda kunipigia nacho.

Nikamuuliza, je, tukisema ni ulaghai wa makusudi? Hapo msamaha ule hauwakingi, akasema, ila inabidi kuthibitisha kwamba walijua. Na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishaweka tangu mwaka 1957 kwamba anayedai ulaghai katika kesi ya madai lazima athibitishe kwa uzito zaidi ya kesi ya kawaida, ingawa si mpaka kiwango cha jinai. Muuzaji akiapa kwamba naye alidanganywa na aliyemletea, nitamtoa wapi huyo wa shirika la misaada?

Ikabaki njia ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214: kitu kikiuzwa kwa maelezo, lazima kilingane na maelezo. Sheria hiyo tumeirithi kwa Waingereza, na kesi zao mawakili wa hapa huzinukuu. Akanisimulia mbili ambazo nimezishika kama hadithi za bibi. Ya kwanza, mtu alinunua London mwaka 1944, kwa pauni 85, picha ya kanisa kuu la Salisbury aliyoambiwa ni ya Constable, mchoraji Mwingereza. Baada ya miaka mitano akaipeleka Christie's, nyumba ya mnada, kuiuza, akaambiwa si ya Constable. Mwaka 1950 mahakama ya rufani ikamwambia umechelewa, huwezi kurudisha picha uliyokaa nayo miaka mitano. Hata hakukuwa na aliyesema muuzaji alikuwa mwizi. Ya pili, picha iliyouzwa mwaka 1984 kwa pauni 6,000, ikisemwa ni ya Gabriele Münter, mchoraji wa Kijerumani. Ikabainika ni bandia. Mnunuzi akashindwa, kwa sababu muuzaji alikwishasema yeye si mjuzi wa wachoraji wale, na mnunuzi naye alikuwa mfanyabiashara wa picha. Mahakama ikaona hakuyategemea maelezo, alitegemea jicho lake.

"Wewe si mfanyabiashara wa picha," wakili akasema. "Hiyo ndiyo heri yako. Na una ushahidi gani kwamba ulitegemea barua?"

Nikamwambia niliitundika ukutani kwenye kioo, na nina picha za wageni zinazoionyesha, zenye tarehe. Hiyo ndiyo mara pekee nilimwona akicheka.

Tukaandika barua ya madai Julai 2023. Sikuwa nimepitwa na muda, madai ya mkataba yana miaka sita, lakini kila mwezi ninaokaa kimya baada ya kujua ungewasaidia wao. Duka likajibu kupitia wakili wao, na kama tulivyotabiri, likaleta kile kifungu cha 19: mteja ni karani mzoefu wa hesabu, angeweza kugundua. Sijui nani aliwaambia kazi yangu. Nadhani ni mimi, siku ya kahawa ya kwanza.

Miezi mitano ya barua. Mwisho tukaelewana nje ya mahakama: wananirudishia 2,600,000, nawarudishia picha na barua, na kile kifungu cha nne. Laki nne zikaenda kwa wakili. Kwa hesabu yangu chui aliishi kwangu kwa gharama ya milioni moja na laki mbili, ukiacha nauli za Bagamoyo. Siku ya makabidhiano wakataka na fremu. Nikatoa ile risiti ya pili. Fremu ni bidhaa tofauti, imelipiwa tofauti, na haina kasoro yoyote. Wakaniachia.

Kwa hiyo nyota zangu: fremu tano, kahawa nne (kashata zilizidi sukari), kufunga tano, barua sifuri, kurudisha hela mbili. Wanaofikiria kununua kitu cha namna hii kwenye duka lolote, mwambieni muuzaji aandike jina la msanii, mwaka na asili ya picha kwenye karatasi yake yeye, apige muhuri wake, na risiti isiandikwe "picha moja". Akikataa, nunueni fremu tu. Na kama mnachotaka ni chui wa ukutani, nendeni Oysterbay, mtampata wa mtu aliye hai, atasaini mbele yenu jina lake mwenyewe. Mimi sasa nina kobe.

Wiki tatu zilizopita binti wa kaka alipita pale dukani na rafiki zake. Akasema chui yupo, ukuta uleule, kavishwa fremu mpya ya mvule. Bei milioni nne na laki mbili. Akaomba kuiona barua, akaipiga picha kwa simu, akanitumia. Karatasi ya kahawia ileile, taipu ileile, mtu wa misaada yuleyule nje ya Morogoro Stores.

Desemba 1971.