Mchuchumio namba 45 jijini Dar: kutoka Karume hadi kwa fundi wa Buguruni

Mimi ni mwigizaji wa jukwaani, futi sita na inchi mbili, kilo 88, na safari hii nimepewa nafasi ya mama mkwe. Si mama mkwe wa kijijini. Huyu ni wa mjini: kitenge cha mshono wa kubana, mkoba kiwikoni, na kiatu kinachosikika kabla mwenyewe hajatokea. Mwongozaji wetu hataki habari za ndala. Anataka huyu mama akiwa bado nyuma ya pazia, ukumbi usikie ko, ko, ko. Sasa mguu wangu ni namba 45, na maduka ya viatu vya kike Kariakoo mengi yanaishia 41. Ukibahatika sana, 42.

Kwenye mitumba ya Karume kuna nafuu kidogo, maana Uholanzi na Ujerumani wako wanawake warefu wanaovaa 43 na 44, na viatu vyao huja huku na marobota. Ila jiandae kwa maneno. Muuzaji aliniuliza, "Kaka, unamchukulia shem?" Nikamjibu ndiyo. "Shem anavaa ngapi?" Arobaini na tano. Akawageukia wenzake: "Oyaa, njooni muone, kaka huyu kaoa beki wa kati!" Walicheka, wakanitafutia kwa moyo wote, na walipata 44 nyeusi, imechongoka mbele, kwa shilingi 15,000. Niliingia kwa kujilazimisha. Kwenye mazoezi soli ikaanza kumeguka vipande kama mkate mkavu. Soli nyingi za mitumba ni za poliyurethani, na hizo zikikaa miaka kwenye unyevu huoza kimyakimya hata kama kiatu hakijavaliwa. Kwa hiyo ukinunua mtumba, binya soli kwa kidole gumba kwanza. Ikiacha alama au ikipasuka, rudisha hata kama ni bei ya bure.

Mtandaoni nako nilipita. Kampuni ya Pleaser ya Marekani inatengeneza baadhi ya mitindo hadi namba 16 ya kike ya kwao, na wanaume wengi wa jukwaani huko wanavaa hivyo. Kumbuka tu kwamba namba ya kike ya Kimarekani inazidi ya kiume kwa kama moja na nusu, kwa hiyo mwanaume wa 11 aangalie 12 na nusu au 13. Tatizo langu lilikuwa mitindo. Vingi ni vya plastiki inayoonyesha mguu na visigino vya sentimita 15 kwenda juu, vya wacheza dansi. Mama mkwe wa Mikocheni havai vile. Ukiongeza usafiri na ushuru, bajeti ya kikundi chetu ilikuwa inaishia hapohapo.

Ndipo mwenzangu mmoja wa kikundi akanielekeza kwa fundi viatu Buguruni, mzee wa makamo anayeshona viatu vya harusi na vya kwaya. Nilipomweleza hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Kijana wangu, utatembea navyo au utacheza navyo?" Nikamwambia kuna sehemu mama mkwe anakata mauno. Akaitikia kwa kichwa, akatandika boksi chini na kunisimamisha juu yake. Alisisitiza nisimame, nisikae, kwa sababu mguu ukibeba uzito unarefuka na kutanuka. Akachora miguu yote miwili, halafu akapitisha futikamba kwenye upana wa vidole, juu ya wayo na nyuma kuzunguka kisigino.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kila kiatu cha dukani kilikuwa kinanitesa. Mguu wa mwanaume haujazidi urefu peke yake: mbele ni mpana na juu umeinuka, wakati viatu vya kike vikubwa mara nyingi vimerefushwa tu. Foroma, yaani umbo la mguu ambalo kiatu hushonwa juu yake, za kiume fundi anazo mpaka 46, lakini zimelala. Kiatu cha kisigino kinataka foroma iliyopinda, na ya namba yangu hakuwa nayo, kwa hiyo alinichongea mpya ya mbao. Visigino vya plastiki vinavyouzwa Kariakoo navyo vilikuwa vyembamba kwa wayo wangu, akachonga vya mninga, vinene, akavivika ngozi. Chini ya upinde wa mguu akaweka bapa la chuma alilolikata kwenye msumeno mkuukuu. Bila chuma hicho, alisema, kilo 88 zitakikunja kiatu katikati. Kule Uingereza, kijijini Earls Barton, kiwanda kimoja cha viatu vya kiume kiligeukia kutengeneza viatu vya kike kwa ajili ya wanaume miaka ya 1990, na kazi yao kubwa ilikuwa hiyohiyo: kisigino kisivunjike chini ya mwanaume. Fundi wangu wala hana habari nao.

Kuhusu urefu wa kisigino, nilitaka sentimita saba, akaniambia tisa. Kwa wayo mrefu kama wangu, tisa inampa mvaaji mteremko ambao mwenye 38 anaupata kwa saba na nusu hivi. Ni kweli: jukwaani kinaonekana cha wastani, na mimi sijisikii kuanguka kifudifudi. Soli ya mbele ameweka mpira usiteleze, na kwenye ncha ya kisigino ameweka ngozi ngumu iliyopangwa tabaka ili ko, ko ipatikane. Mwongozaji alipousikia mlio huo alipiga makofi.

Kasoro zipo. Jumamosi aliyoniahidi ilikuwa ya mwezi mwingine. Fundi ni fundi. Rangi nyekundu ya ndani inachuja, soksi zangu mbili zimekuwa za waridi. Na viatu ni vizito, mninga si mchezo. Baada ya onyesho la muda wa saa mbili, mashavu ya miguu yanadai haki yao. Mkanda wa kifundoni nilimwomba auongeze baadaye, na ningeshauri uombwe tangu siku ya kwanza, kwa sababu bila huo kisigino kinachomoka ukipanda ngazi.

Nililipa 120,000, na ndani yake 40,000 ni ya foroma. Jozi ya pili itakuwa 80,000 kwa sababu foroma imebaki kwake rafuni, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: 45 MAMA MKWE. Amesema yuko tayari kuitumia kwa mteja mwingine yeyote bila kumtoza tena. Mwenye 44 anawekewa godoro la ndani inamkaa. Mwenye 46 itabidi agharimie ya kwake.