Bilstein B6 kwenye BMW 330i: uzoefu wangu kwa barabara za Lubumbashi

Niseme mapema: kwa barabara zetu, gari la kasi halihitaji kushushwa ndipo lishike barabara. Linahitaji shokapu zenye nguvu, likibaki kwenye kimo chake cha kiwandani. Nimefunga Bilstein B6 zote nne kwenye BMW 330i yangu, ile ya E46 (jina la kizazi chake), springi zikabaki zilezile, na pesa yangu haijapotea.

Gari lenyewe wengi mnalijua: silinda sita kwa mstari, lita 3, nguvu farasi 231, linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Injini haikuwa na shida yoyote. Shida ilikuwa njia ya Likasi, zile kilomita kama 120 tunazogawana na malori ya migodi. Ukishalipita lori na kurudi upande wako, mkia unayumba, unatulia, unayumba tena. Ukikanyaga breki kwa nguvu, pua inazama. Hizo ni dalili za shokapu zilizochoka: springi inajikunja na kujikunjua bila mtu wa kuizuia.

Vijana wengi hapa mjini hukata springi. Gari linapendeza likiwa limeegeshwa, lakini ingia nalo kwenye komini za hapa mjini, Kenya au Katuba, mvua za Januari zikiwa zimeshachimba mashimo. Springi fupi imekunywa nafasi yote ya kupanda na kushuka. Shokapu inafika mwisho, inagonga mpira wake, na hapo tairi linaruka badala ya kukanyaga. Tairi lililo hewani halina kona wala breki.

B6 imetengenezwa kwa springi za kawaida. Ni shokapu ya mrija mmoja: ndani yake pistoni inayoelea hutenganisha mafuta na gesi yenye shinikizo kubwa, kwa hiyo mafuta hayafanyi povu hata shokapu ikipata moto kwa kupigwa mashimo mfululizo. Gesi hiyo pia huinua gari kidogo sana. Kwetu hiyo ni faida.

Kazi ilifanyika kwenye garaje ndogo Kampemba, na hapa ndipo nataka msome polepole, maana shokapu nzuri kwenye bushi mbovu, zile raba za viungo vya chini, ni hasara. Tulibadilisha bushi za mikono ya mbele inayoshika magurudumu, bushi kubwa za mikono ya nyuma, na vishikio vya juu vya shokapu za nyuma, ambavyo kwenye E46 huchoka na kuanza kugonga. Fundi alizishika boliti za bushi kwa mkono tu, akazikaza mwisho gari likiwa limebeba uzito wake kwenye magurudumu. Ukizikaza gari likining'inia juu ya jeki, raba inajisokota siku linaposhushwa, na haitadumu. Kabla ya yote alilala chini akaikagua sakafu ya nyuma, pale inapofungwa fremu ya ekseli. E46 inajulikana kwa kupasuka pale. Kama kuna ufa, chomelea na uimarishe kwanza, shokapu zisubiri.

Kisha jiometri, yaani kupima na kupanga pembe za magurudumu. BMW inataka gari hili lipimwe likiwa na mzigo: kilo 68 kila kiti cha mbele, 68 katikati ya kiti cha nyuma, 21 kwenye buti, na tangi limejaa. Tulipakia mifuko ya unga wa mahindi na madumu ya maji. Fundi aliniambia, «Patroni, bila uzito mashine itatupa namba nzuri za uongo.» Heshima yangu kwake.

Sasa gari linageuka mara moja unapozungusha usukani. Kwenye mikunjo ya kuelekea Likasi halilali ubavu kama zamani, na likipita wimbi la lami linashuka mara moja, limekwisha. Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ambaye huwa anachafukiwa na tumbo kwenye kiti cha nyuma, alilala usingizi hadi tukafika.

Mabaya yapo. Kwa mwendo wa kutambaa kwenye mtaa wa mashimo madogo, utayahesabu yote mgongoni. Hazina skrubu ya kurekebisha ugumu. Raba za vumbi na za kugongea nilizinunua pembeni, mpya, na vumbi letu jekundu halisamehe fimbo ya shokapu iliyo wazi. Bei nayo ilikuwa nzito: nililipa karibu dola 800 kwa nne, kabla ya usafiri na ushuru.

Rimu niliacha za inchi 17 na tairi 225/45. Za 18 zenye tairi nyembamba zaidi zinapinda upesi hapa. Kama gari lako lilitoka kiwandani na springi za M (za toleo la michezo), ambazo ni fupi, usinunue B6. Ulizia B8, ndiyo iliyopangwa kwa springi hizo.