Suti ya jeti ya Gravity kwa uokoaji wa milimani: inafaa kwa kazi ipi hasa?

Suti ya jeti, yaani vazi lenye injini ndogo za jeti linalomrusha mtu, ya Gravity Industries, kampuni iliyoanzishwa na Richard Browning huko Uingereza mwaka 2017, ilijaribiwa milimani kwa mara ya kwanza Septemba 2020. Jaribio lilifanyika kwenye vilele vya Langdale Pikes, eneo la milima la Lake District huko Uingereza, pamoja na Great North Air Ambulance Service, shirika la ambulensi za anga. Browning aliruka hadi kwa majeruhi wa kuigiza kwa sekunde 90, safari ambayo kwa miguu ingechukua kama dakika 25. Mwaka 2022 alipanda Helvellyn, mlima wa mita 950, kwa dakika tatu na nusu. Waokoaji wa miguu hutumia zaidi ya saa moja.

Takwimu hizo ni za kweli, na ndizo zinazouza suti. Lakini saa huanza kuhesabu pale miguu inapoacha ardhi. Kabla ya hapo suti inatakiwa ifike chini ya mlima kwa gari, ijazwe mafuta, ivaliwe, na injini ziwashwe moja baada ya nyingine. Haiwezi kuruka kutoka kituoni, kwa sababu ya mafuta. Ikielea hunywa takriban lita 4 kwa dakika. Lita 15 ni chini ya dakika nne, na kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa hizo ni kilomita tatu hivi, bila akiba ya kutafuta pa kutua. Rekodi ya kasi iliyowekwa Brighton mwaka 2019, zaidi ya kilomita 136 kwa saa, iliwekwa juu ya bahari. Mlimani haina maana, maana pale rubani hufuata mteremko akiwa karibu na ardhi.

Kuwa karibu na ardhi ndiyo kinga yake kuu. Injini ikizimika mita mbili juu ya majani, mtu akikosa bahati huvunjika mguu. Ikizimika mita thelathini juu, parachuti haipati nafasi ya kufunguka. Kwa hiyo njia nzuri ni mgongo wa mlima wenye mteremko wa kadiri. Kuvuka korongo kwa mkato, hata kama kunaokoa sekunde ishirini, ni kosa. Ukungu nao si ruhusa ya kuruka: rubani asipoona ardhi iliyo mbele yake, anapoteza ile faida ya kuruka karibu na ardhi aliyonayo dhidi ya helikopta.

Sasa uzito, ambapo wanunuzi wengi hawapigi hesabu. Suti ina injini ndogo tano za jeti, mbili kila mkono na moja mgongoni, zenye msukumo wa jumla wa kilo 144 hivi. Yenyewe ina kilo 27 bila mafuta. Weka mhudumu wa tiba, ambaye ndiye rubani, wa kilo 75 pamoja na nguo zake, lita 15 za mafuta ambazo ni kilo 12, na mfuko wa tiba wa kilo 10. Jumla ni kilo 124. Inabaki ziada ya kilo 20, na sehemu ya hiyo humezwa kila mikono inapotanuka, kwa kuwa hivyo ndivyo rubani anavyojishusha na kujisawazisha.

Kwenye kilele cha mita 950 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 9, msukumo unashuka hadi kilo 131 hivi, lakini mafuta mengi yameshaungua njiani, kwa hiyo hesabu bado inakubali. Baridi husaidia, kwani hewa ya baridi ni nzito. Ipeleke suti hiyohiyo mita 4,000 na msukumo unabaki kama kilo 96. Mhudumu na suti tupu, bila tone la mafuta wala bandeji, ni kilo 102. Haitanyanyuka. Anayeiuza kama jibu la milima yote duniani aulizwe hesabu hiyo kwanza.

Mfuko wenyewe haukai mgongoni, kuna injini pale. Unagawanywa kifuani na mapajani, pande zote mbili ziwe na uzito sawa, na kamba zote zifungwe hadi mwisho. Utepe mmoja unaoning'inia ukivutwa kwenye mdomo wa injini inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, safari imekwisha. Kinachostahili nafasi ni mashine ya kushtua moyo, dawa kali ya maumivu, vifaa vya kuzuia damu na blanketi jepesi la kuzuia baridi. Machela, kamba za kupandia na hema vipandishwe na timu ya miguu.

Kutua kunahitaji nidhamu. Moto unaotoka kwenye injini huunguza na upepo wake hurusha changarawe, basi mhudumu atue mbali na majeruhi, upande wa chini wa mteremko, pasipo majani makavu. Mikono yote imeshikwa na injini, kwa hiyo hakuna kupokea redio wala kumshika mtu mpaka zizimwe na kuvuliwa. Kelele nazo ni kubwa kiasi kwamba maelekezo ya kupaza sauti hayafai kitu. Ishara zipangwe kabla. Upepo wa ghafla nyuma ya ukingo wa mlima ni hatari kuliko upepo mkali ulio thabiti, kwa kuwa injini hizi hazipandi nguvu papo hapo.

Kwa moyo uliosimama, ambapo kila dakika bila kushtuliwa hupunguza uwezekano wa kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10, au kwa damu inayomwagika, suti hii haina mshindani pale helikopta haiwezi kutua. Droni hufikisha blanketi, haichomi sindano. Kwa kifundo kilichoteguka ni anasa. Bei iliyotajwa mwaka 2018 ilikuwa karibu pauni 340,000, na shirika linaloishi kwa michango lazima liongeze mafunzo, ambayo huanza rubani akiwa amefungwa kamba ya usalama, tena ya zaidi ya mtu mmoja, kwani zamu haimsubiri rubani aliyelala.

Jambo moja hukosekana kwenye video za matangazo: kurudi. Suti haibebi majeruhi, na mhudumu hamwachi mgonjwa ili aruke chini. Timu inapofika na machela, kuna kilo 27 za chuma za kuteremshwa. Ama mtu wa ziada apangwe kuzibeba, ama mmoja wa timu ya miguu apande na lita 5 za mafuta mgongoni, kilo 4 tu, zinazotosha mteremko mfupi wa dakika moja na kidogo, na mgonjwa akishakabidhiwa rubani ashuke kwa kuruka, mwanga ukiwepo.