Kitabu tulichosoma katikati ya cherehani

Ateliye yangu ya kushona nguo iko Katuba, hapa Lubumbashi. Nina cherehani nne na surje moja ya kufunga pindo. Kuraa, yaani umeme, ikikatika, cherehani za kukanyaga zinaendelea, lakini surje inanyamaza na nguo zinarundikana mezani. Ndiyo saa yetu ya kusoma. Mimi nasoma kwa Kifaransa, ukurasa mmoja au miwili, halafu nawasimulia wasichana wangu watatu, wanafunzi wangu wa kushona, kwa Kiswahili. Hivyo ndivyo tulivyomaliza, kwa majuma sita, *La Bibliothèque des rêves secrets* ya Michiko Aoyama, ambayo binamu yangu aliniletea kutoka Ubelgiji.

Ni riwaya ya Japani. Kule ilitoka mwaka 2020, na mwaka 2021 wauza vitabu wa nchi hiyo waliiweka nafasi ya pili katika tuzo yao. Kwa Kifaransa ipo tangu 2022. Ina sura tano, na kila sura ina mtu wake: msichana wa miaka 21 anayeuza nguo za wanawake, mhasibu wa kampuni ya fanicha, mama aliyekuwa mhariri wa jarida, kijana wa miaka 30 asiye na kazi, na mzee wa miaka 65 aliyestaafu. Mmoja mmoja wanafika kwenye maktaba ndogo iliyo ndani ya nyumba ya jamii, Tokyo, na humo wanamkuta mama mkubwa wa mwili, Sayuri Komachi. Anawauliza swali moja tu: unatafuta nini?

Huyo mama ndiye aliyenishika moyo. Kila unapomkuta ana sindano mkononi, anachoma sufi, yale manyoya ya kondoo. Wasichana wangu hawakuelewa, ikabidi niwaeleze: ile sindano ina vijino vidogo, na ukichoma sufi mara nyingi sana, nyuzi zinashikana zenyewe, bila uzi wala gundi, mpaka unapata paka au ndege. Mtu akishasema anachotafuta, Komachi anamwandikia orodha ya vitabu, na mwisho wa orodha anaweka kimoja ambacho hakihusiani kabisa na ombi lake. Kisha anavuta droo na kumpa kitu kimoja alichokichoma mwenyewe. Yule msichana aliomba vitabu vya kompyuta, akapewa pamoja navyo kitabu cha watoto cha panya wawili wanaopika keki, na kikaango kidogo cha sufi.

Hiyo kazi mimi naijua. Mteja anakuja na kitambaa chake cha kikwembe na picha kwenye simu, anasema, "Mama, nataka hii." Nikimuuliza taratibu sherehe ni ya nani na nani watakuwepo, naona kwamba shida si ile nguo. Anataka aingie pale mbele ya wakweze akiwa amenyooka mgongo. Basi namshonea alichosema, na juu yake naongeza kitu ambacho hakuomba: mfuko wa ndani, au mkono ulioshuka kidogo kuficha kovu. Aoyama ameandika riwaya nzima juu ya kile kitu cha kuongezea. Komachi hamkopeshi mtu pesa, hamtafutii kazi, wala hampi mawaidha. Anampa kitu kidogo, anarudi kwenye sufi yake, na mtu mwenyewe anaenda nacho nyumbani kuhangaika nacho. Ndiyo sababu nakiamini kitabu hiki pale kinapofurahisha.

Baada ya sura ya kwanza, mwanafunzi wangu mdogo alitaka kupika ile keki ya panya. Mayai, unga, sukari, maziwa, sufuria yenye kifuniko, na mbabula, lile jiko letu la makala, yaani mkaa. Ya kwanza iliungua chini na katikati ikabaki uji. Alikasirika, nikamkumbusha kwamba hata msichana wa kitabuni keki yake ilianza kwa kuharibika. Mara ya tatu alipunguza makala, akaweka mengine juu ya kifuniko, na keki ikapanda. Tulikula wote wanne, na mteja mmoja aliyekuja kuchukua sketi.

Sura ya pili, ya mhasibu, ndiyo niliyoisoma mara mbili peke yangu. Anaota kufungua duka la vitu vya kale na anaogopa kuacha mshahara. Komachi anampa kitabu cha mimea, naye anafikiria mizizi iliyo chini na ua lililo juu: kila moja lina kazi yake, na hakuna linalongoja lingine liache. Kila mwenye kazi mbili mjini hapa asome hapo.

Nisifiche lawama yangu. Milango inafunguka mapema mno kwa watu hawa. Mtu anakutana na mtu sahihi ndani ya siku chache, na maneno mazuri yanasemwa yote, hakuna linalobaki kooni. Katika sura ya mama mhariri nilitamani uchungu wake ukae kidogo zaidi, maana alirudi kutoka uzazini akakuta amehamishwa idara, na jeraha la namna hiyo haliponi haraka. Wasichana wangu walinikatalia: "Mama, acha wapone!"

Sura ya mwisho hatukuisoma peke yetu. Jirani yetu, papa mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kampuni ya shaba, alikuwa akipita na kusimama mlangoni. Siku ile aliposikia kwamba mzee wa kitabuni amestaafu na hajui afanye nini asubuhi, alivuta kiti. Yule mzee alifanya kazi kwenye kampuni ya biskuti, na anapofika maktaba anaona Komachi anakula zilezile biskuti. Nilipofika hapo papa aliniambia, "Rudia, mama." Nikarudia kwa Kiswahili, polepole. Alikaa kimya, halafu akaanza kutueleza jinsi walivyokuwa wanaona rangi ya moto na kujua shaba imeiva. Kuraa ilirudi, na hakuna aliyeinuka kuwasha surje mpaka alipomaliza.

Wenye kupenda kahawa na safari za wakati wanaweza kutafuta pia *Tant que le café est encore chaud* ya Toshikazu Kawaguchi. Ni nzuri, ila ina machozi mengi. Mimi nawashauri muanze na Aoyama, na msome kwa sauti mkiwa zaidi ya mmoja. Kifaransa chake ni chepesi, aliyemaliza sekondari hatahitaji kamusi.

Mzee wa kitabuni alipewa kaa mwekundu wa sufi. Papa wetu alipewa wa vipande vya kikwembe, miguu minane na makoleo mawili. Mguu mmoja ulishonwa kinyume, na amekataa tuufumue.